Kaya zisizojibu dodoso: turudi mara ngapi kabla ya kufunga?

Msimamizi_Kanda
Wakuu, habari za kazi. Utafiti wa kaya mjini, dodoso la ana kwa ana, sampuli ya kaya 600. Zimejibu 462, asilimia 77. Nyingi ya zilizobaki milango imefungwa. Mfadhili anataka 85, nauli inakata. Tuendelee au tufunge?

Sampuli_Nasibu
Mkuu, zichambue kwanza hizo 138. Aliyekataa waziwazi usimrudie, ni haki yake. Nyumba tupu au iliyobomolewa haina kaya, iondoe kwenye kigawanyo: zikiwa 20, mwitikio ni 462 kwa 580, asilimia 79.7, bila kubisha hodi popote.

Kwa waliobaki, angalau mara tatu, siku na saa tofauti. Kurudi mara tatu saa nne asubuhi ni sawa na mara moja, maana mwenyewe yuko kazini zote tatu. Weka ziara moja jioni baada ya saa kumi na moja, nyingine mwisho wa wiki. Balozi wa mtaa huwa anajua nani anarudi saa ngapi.

Mizani
Mimi 85 singeifuata. Kokotoa viashiria vikuu (takwimu kuu za utafiti) kwa waliopatikana ziara ya kwanza, kisha ongeza wa pili, kisha wa tatu. Kama ziara ya tatu haikusogeza kitu, ya nne ya namna ileile itakula nauli tu. Ila tahadhari: utulivu huo hausemi lolote kuhusu wasiopatikana kabisa.

Hao wafuate kwa njia ya wanatakwimu Hansen na Hurwitz ya 1946. Tuseme zimebaki kaya 90: chagua 30 kwa nasibu, nauli yote iliyosalia iende huko, na kila atakayejibu uzito wake (idadi ya kaya anazowakilisha) uzidishe kwa 3. Uchaguzi ufanyike ofisini. Mdadisi akiachiwa, atachukua zilizo karibu na barabara na hesabu nzima itaharibika.

Msimamizi_Kanda
Na kuchukua jirani badala yake?

Mizani
Hapana, tafadhali. Jirani anayekutwa mchana ni wa aina mliyonayo tayari. Idadi itapanda, upendeleo (matokeo kuegemea aina moja ya watu) utabaki palepale, na mfadhili hataona kwamba kuna watu waliokosekana. Bora umpelekee 79.7 yenye mchanganuo wa waliokataa, wasiokutwa na nyumba tupu.