Mlioko Ujerumani, naomba njia za changarawe zisizo na magari

Binti Unyanyembe:
Habarini wadau. Nipo Nürnberg, mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi. Mwezi wa tatu nilinunua baiskeli ya mtumba, ile yenye usukani uliopinda kama za mashindano lakini tairi zake ni pana, milimita 40. Muuzaji akaniambia hii ni ya changarawe. Nikacheka, maana Tabora nilikokulia Phoenix ya baba ilipita changarawe, mchanga na tope bila kubadilishwa jina.

Shida yangu ni magari. Wiki iliyopita nilifuata ramani ya simu, ikanitoa mjini na kunitumbukiza kwenye Landstraße, barabara ya magari ya nje ya mji. Magari yanaruhusiwa kwenda 100 na pembeni hakuna hata pa kukanyaga. Najua sheria inamtaka dereva aniachie mita 2 anaponipita nje ya mji, ila lori lililonipita siku ile nadhani lilinusa begi langu. Nilishuka nikaikokota baiskeli kwenye majani hadi kijiji cha mbele.

Naomba njia ya kwenda kutwa: changarawe au udongo mgumu, magari yasiwepo au yawe ya kuhesabu, nianze na nimalizie kwenye kituo cha treni. Milima bado siiwezi. Mwenye njia ya siku mbili naye aseme.

Kahama Yetu:
Dada, mimi naenda kazini kilomita 14 za changarawe tupu, kila siku, milima hakuna na magari ni ya kuhesabu. Karibu sana. Vumbi utakula bure.

Fundi Spoku:
Binti, njia unayoitafuta umeikalia. Kusini ya Nürnberg, anzia Worzeldorf, kuna mfereji wa zamani unaitwa Ludwig-Donau-Main-Kanal. Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria aliuchimbisha kati ya 1836 na 1846 ili mashua zitoke mto Main hadi Danube. Zilivutwa na farasi, kwa hiyo ubavuni mwa maji ikatengenezwa njia ya farasi. Halafu treni zikauchukulia mfereji mizigo yake. Kichekesho ni kwamba reli ya kwanza ya Ujerumani ilikuwa ya hapo hapo, Nürnberg kwenda Fürth, mwaka 1835, kabla hata mfereji haujaanza kuchimbwa. Ulifungwa rasmi 1950. Mashua na farasi hakuna tena, ila njia ipo na sisi ndio tunaifaidi.

Changarawe yake ni laini na imeshindiliwa vizuri, miti imeinama juu ya maji, na magari hayaingii. Mfereji mzima ulikuwa na malango 100 ya kupandishia na kushushia mashua. Ukitoka Nürnberg utayapita mengi, na kila lango lina kijimwinuko kifupi, hata ukiwa na gia moja utapanda. Karibu na Schwarzenbruck usipite mbio: hapo mfereji umejengewa daraja la mawe na maji yenyewe yanavuka juu ya bonde la Schwarzach. Simama, teremka chini kwa miguu ulitazame. Ukifika maeneo ya Burgthann malango yanakoma, na kwa kilomita kama 24 hadi Sengenthal maji yote yapo usawa mmoja. Ni bapa kama meza.

Malizia Neumarkt, ni kama kilomita 40. Treni ya S3 inakurudisha Nürnberg. Deutschland-Ticket yako, ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa na mabasi, ni ya mtu tu, baiskeli inataka tiketi yake, na epuka saa ambazo watu wanatoka kazini.

Ukitaka siku mbili, usiishie Neumarkt. Fuata mfereji hadi Berching, kamji kadogo ambako ukuta wa kale bado umekazunguka, ulale huko au Beilngries. Kesho yake shuka bonde la Altmühl hadi Kelheim. Angalizo: Berching na Beilngries hazina treni, kwa hiyo ukianza umeanza. Kelheim nayo treni unapandia Saal.

Mjukuu wa Reli:
Mbona hamtaji reli za zamani zilizogeuzwa njia za baiskeli? Vulkanradweg huku Hessen ni zaidi ya kilomita 90, haina gari hata moja. Na Vennbahn kutoka Aachen, kilomita 125, unaingia Ubelgiji na kuishia Luxemburg. Kwa kuwa treni haziwezi kupanda mlima mkali, na wewe hutapanda.

Fundi Spoku:
Nzuri zote, ila ni lami karibu mwanzo mwisho. Mtu kaomba changarawe.

Mjukuu wa Reli:
Mtu kaomba asigongwe na lori.

Mkazi wa Heide:
Siku ukija kaskazini, nenda Lüneburger Heide, nyika ya hifadhi. Mimi nashukia Handeloh kwa treni, naenda kijiji cha Wilsede. Ndani ya hifadhi magari ya watalii hayaruhusiwi, wageni wanapelekwa Wilsede kwa gari la farasi. Ukivumilia hadi mwezi wa nane, nyika nzima inakuwa zambarau. Kilima chenyewe, Wilseder Berg, ni mita 169, wa Tabora atakidharau. Tatizo ni mchanga. Kuna vipande gurudumu la mbele linazama na unaanguka polepole huku watalii wanakutazama, aibu yake haielezeki. Punguza upepo kwenye tairi, na ukiona njia ya pembeni imetengwa kwa baiskeli, ifuate.

Komando Mstaafu:
Hamna kitu. Aende Kolonnenweg, njia waliyotumia askari wa Ujerumani Mashariki kulinda mpaka. Mpaka wote ni kama kilomita 1,400, siku hizi ni ukanda wa hifadhi unaitwa Grünes Band. Gari hutaliona.

Mkazi wa Heide:
Komando, umeshaipita kwa baiskeli au umeiona pichani? Njia ile ni vipande vya zege vyenye matundu, na majani yameota ndani ya matundu. Mimi nilienda nayo kilomita 9, jioni siwezi kushika kikombe. Na ilijengwa kufuata mpaka, haijali kilima wala korongo.

Komando Mstaafu:
Ndiyo mazoezi hayo.

Mpiga Kengele:
Kabla Binti hajaondoka, ajue vibao viwili, kwa sababu vinafanana na watu wanavichanganya. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ndani kuna picha ya gari na pikipiki: hapo wamekatazwa wao, baiskeli inapita. Hicho ni rafiki yako, kipo kwenye njia nyingi za mashamba na misitu. Duara hilo hilo likiwa tupu ndani: vyombo vyote marufuku, na wewe umo. Shuka ukokote, isipokuwa chini yake kuna kibao chenye picha ya baiskeli na neno „frei“, yaani baiskeli ruhusa.

Ukiona „Waldarbeiten“ (kazi za msituni) na utepe umefungwa njiani, geuza hata kama ni kimya. Wanaangusha miti. Baden-Württemberg wana sheria yao: njia ya msituni isiyofika upana wa mita 2, baiskeli hairuhusiwi. Na Bavaria kupe wanaleta homa ya ubongo, chanjo ipo. Wewe muuguzi sikufundishi, ila sijui kama umechanja.

Simu isikuchagulie njia peke yake. Tumia ramani inayoonyesha aina ya barabara, angalia kipande kwa kipande kama ni lami, changarawe au udongo, ndipo uondoke.

Binti Unyanyembe:
MREJESHO. Jumanne nilikuwa mapumziko, nikaenda. Worzeldorf hadi Neumarkt, nilitumia muda wa saa nne na nusu pamoja na kusimama simama. Fundi, Mungu akubariki. Kwa siku nzima nilikutana na gari moja tu, la watu wa misitu, na dereva alisimama nipite, akanipungia mkono. Sikujua hata nifanye nini, nikasema „Danke“ mara tatu.

Lile daraja la mfereji nilishuka kulitazama kama ulivyosema. Nimesimama chini kwenye korongo, najua juu ya kichwa changu kuna mfereji umejaa maji. Nilikaa dakika ishirini.

Baada ya Burgthann nikaelewa ulivyosema meza. Unakanyaga tu, hakuna kinachokusumbua, nikajikuta naimba kwa sauti hadi nikamshtua mzee na mbwa wake. Mpiga Kengele, jina lako limenikumbusha: kengele yangu ilikuwa mbovu, nimenunua nyingine.

Kosa langu lilikuwa maji. Nilibeba chupa moja. Kijiji nilichoingia duka la mikate lilikuwa limefungwa mchana, mama mmoja akanielekeza makaburini. Nikadhani sijamwelewa Kijerumani chake. Kumbe makaburini kuna bomba la kumwagilia maua, na pale halikuwa na kibao cha „Kein Trinkwasser“ (si maji ya kunywa). Nilijaza chupa huku naomba radhi kwa wenye nyumba.

Swali la mwisho: tangu nirudi cheni inalia kama panya. Niimwagie mafuta?

Fundi Spoku:
Usithubutu kabla ya kuifuta. Lile ni vumbi la changarawe, ukimwagia mafuta juu yake unatengeneza msasa. Chukua kitambaa kikavu, kishike kwenye cheni, zungusha pedeli kinyumenyume hadi kisitoe weusi. Halafu tone moja kwa kila pingili, acha kidogo, futa tena. Na safari ya Berching ukiipanga sema, mimi nipo Fürth, nitakuja na chupa tatu.