Kulinganisha sauti ya flanja: DJM-800, DJM-900NXS2 na Xone:DB4

mpigadisko_mtulivu (muuliza swali)

Habari za kazi, wakuu. Kwa miaka mingi nimepigia DJM-800, mikisa (mashine ya dijei ya kuchanganyia nyimbo), na flanja yake, ile athari ya kuikunja sauti, naijua kwa masikio: nikiiweka kwenye mapigo 16 kabla ya kiitikio, sauti inapanda na kushuka kama ndege inayopita juu ya paa. Ukumbi ninaopigia sasa una DJM-900NXS2, na rafiki yangu ana mikisa nyingine, Xone:DB4, ambayo huniruhusu kuijaribu nyumbani kwake. Nikiwasha flanja ya mashine hizi kwenye wimbo uleule, kila moja inanipa sauti yake. Mojawapo inang'aa sana juu, nyingine ni laini kiasi kwamba watu hawaitambui, na nyingine inakula besi, jambo linaloniumiza zaidi ninapopiga amapiano, kwa sababu besi ikiondoka pale hakuna kinachobaki cha kuchezea.

Naomba kujua kama tofauti hizi zimo kweli ndani ya mashine au zinatokana na namna ninavyoziweka, na kama kuna njia ya haki ya kuzilinganisha kabla sijamshauri mwenye ukumbi juu ya kifaa cha kununua.

fundimitambo

Ndugu, masikio yako hayakudanganyi, ila kabla ya kuzihukumu mashine ni vizuri tuangalie kazi yenyewe inafanyikaje. Flanja huchukua sauti, huinakili, huichelewesha nakala kwa milisekunde chache, kwa kawaida kati ya 1 na 10, kisha huichanganya na sauti ya asili. Sauti hizo mbili zikikutana zimepishana kidogo kiwakati, hufutana katika masafa fulani (ngazi za sauti kutoka chini hadi juu, zinazopimwa kwa hezi) na kutiana nguvu katika mengine. Nakala ikichelewa milisekunde 1, yanayofutika ni hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea hivyo hadi juu. Ikichelewa milisekunde 5, shimo la kwanza linashuka hadi hezi 100 na mengine yanafuata kila baada ya hezi 200. Kile unachokisikia kama sauti inayosafiri ni mashimo hayo yakihamishwa juu na chini na wimbi la taratibu lililomo ndani ya mashine, na vitufe vya mapigo vinapanga tu wimbi hilo litumie muda gani kumaliza mzunguko mmoja.

Sasa ona wapi watengenezaji wanapoachana njia. Wa kwanza anaweza kuamua kwamba nakala isichelewe zaidi ya milisekunde 3, na flanja yake itacheza zaidi kwenye sauti za kati na za juu. Mwingine akiruhusu ifike milisekunde 10, shimo la kwanza litashuka hadi hezi 50, yaani palepale teke la ngoma linapokaa, na hiyo ni sababu moja ya besi yako kuliwa. Sababu ya pili ni mwelekeo wa nakala: ikiwa imegeuzwa kichwa chini, shimo la kwanza huanzia sifuri kabisa, kwa hiyo besi hupungua katika mzunguko wote, hata nakala inapochelewa kidogo sana. Halafu kuna kiasi cha sauti kinachorudishwa tena ndani ya kicheleweshi. Kikiwa kikubwa, vilele vya sauti vinachongoka, na ndipo unapopata ule mlio wa chuma unaoupenda au kuuchukia. Kikiwa kidogo, flanja inabaki laini. Dijei anayesema mikisa fulani ina flanja kali kwa kawaida anazungumzia jambo hili, hata kama hajui.

Wengi hukimbilia kulaumu ubora wa kidijitali, na hapo siwaungi mkono, kwa sababu DJM-800 iliyotoka mwaka 2006 na DJM-900NXS2 ya mwaka 2016 zote mbili huchakata sauti kwa kilohezi 96, yaani sampuli 96,000 kwa sekunde. Tofauti ya flanja zake itafutwe kwenye mpangilio wa athari yenyewe.

Kuhusu njia ya haki, usianze na wimbo. Weka kwenye diski yako faili la mvumo mweupe, ule wa redio isiyoshika kituo, kwa sababu una masafa yote kwa nguvu sawa na kila shimo litasikika likipita. Pili, usilinganishe kwa idadi ya mapigo bali kwa sekunde: mapigo 16 kwenye wimbo wa mapigo 112 kwa dakika ni sekunde 8 na nusu hivi, ilhali kwenye wimbo wa mapigo 128 ni sekunde 7 na nusu. Tatu, hakikisha kiwango cha sauti kinachotoka ni kilekile kila unapobadili mashine, kwani sikio hupenda kilicho juu zaidi na kukiita bora. Anza kitufe cha kina, kile kinachopanga nguvu ya athari, kikiwa kushoto kabisa, ambapo utasikia sauti ya asili peke yake, kisha kizungushe polepole huku umevaa hedifoni, na uandike pale mvumo unapoanza kujikunja na pale unapoanza kulia. Baada ya hapo rudia zoezi kwa kipande chenye hai-hati (matoazi ya ngoma) tu, halafu kwa kipande chenye besi tu. Kipande cha besi ndicho kitakachokuonyesha mashine inayokula.

santuri_mbili

Maelezo ni mazuri, lakini naona tumesahau flanja ya mkono, ambayo kwangu ndiyo kipimo cha hizi za mikisa. Ukiwa na nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili za kuchezea santuri, Technics SL-1200, unazianzisha pamoja, unafungua feda (vitelezi vya sauti) zote mbili, kisha unaigusa moja kidogo kwa kidole ukingoni ili ichelewe. Sauti inajikunja, na ukiigusa ile ya pili ili nayo ichelewe, zinapishana: iliyokuwa mbele inakuwa nyuma. Pale zinapokutana kabisa, kila kitu kinajaa ghafla, kisha kinafunguka tena upande wa pili. Flanja nyingi za kidijitali hazifiki hapo, kwa sababu sauti ya asili haicheleweshwi hata kidogo, na nakala inaweza kuikaribia tu bila kuivuka. Kwa hiyo kwangu mimi mashindano kati ya mashine hizi tatu ni ya nafasi ya pili.

fundimitambo

Nakubali kuhusu santuri, mzee wangu, ila usimsahau mwenye swali: hawezi kubeba nakala mbili za kila wimbo ukumbini, na amapiano anayopiga sehemu kubwa haikutolewa kwenye santuri. Anayetaka kuikaribia ladha hiyo kwa programu ajaribu Flanger Flux iliyomo ndani ya Traktor, programu ya kompyuta ya madijei, ambayo humwachia dijei aihamishe nakala kwa mkono badala ya kusubiri wimbi. Ni kidole chake kinachoamua, kama kwenye santuri.

mpigadisko_mtulivu

Nawashukuru nyote. Nimefanya jaribio la mvumo mweupe na sasa nasikia wazi kwamba mashine moja inashuka chini zaidi kuliko nyingine, na kwamba ile niliyoiita laini ilikuwa imepungukiwa na kina tu, maana nilipozungusha kitufe hadi robo tatu ilianza kulia vizuri. Limebaki jambo moja. Nikiingia kwenye singeli, flanja inakuwa nzito na ya kuchelewa, kana kwamba mikisa haiutambui mwendo wa wimbo.

kaunta_ya_mapigo

Haiutambui kweli, kaka. Kaunta ya DJM-800, yaani kihesabu mapigo chake, ikijipimia yenyewe husoma kati ya mapigo 70 na 180 kwa dakika, na singeli nyingi huvuka hapo kwa mbali. Wimbo wa mapigo 240 huenda ukasomwa kuwa 120, na mapigo 16 uliyoyapanga yakachukua sekunde 8 badala ya 4. Njia fupi ni kugawa kwa mbili: weka mapigo 8 na utapata mzunguko uliokusudia. Njia nyingine ni kugonga mwendo mwenyewe kwenye kitufe cha kugongea, ingawa kwa singeli inahitaji mkono usiochoka.

Kuhusu ushauri kwa mwenye ukumbi, mimi ningetazama namna athari inavyotumika kazini kuliko mlio wake. Xone:DB4 ina kichakata athari katika kila moja ya chaneli zake nne, kwa hiyo unaweza kuweka flanja kwenye wimbo unaotoka huku unaoingia ukiwa na mwangwi, jambo ambalo DJM hizi haziwezi kwa athari zake za mapigo, yaani zile zinazofuata mwendo wa wimbo, kwani kitengo chake ni kimoja tu na unakielekeza kwenye chaneli moja au kwenye sauti yote. Kwa upande mwingine, NXS2 ina vitufe vitatu vya masafa, vya chini, vya kati na vya juu, vinavyokuruhusu kuchagua sehemu ya sauti itakayopitia kwenye athari. Zima kile cha chini, na flanja itazunguka juu ya piano na hai-hati huku besi ya amapiano ikibaki ilipo. Kwa muziki unaoupiga wewe, hilo peke yake lingenitosha kuichagua.

DJM-800 haina vitufe hivyo. Siku utakayoirudia, ipe flanja chaneli ya wimbo unaotoka tu, ikate besi ya chaneli hiyo kwa ikwalaiza (vitufe vya kupunguza na kuongeza besi, kati na juu), na uache wimbo unaoingia ubebe chini.