Dola 28 na senti 3 kwenye sendofu ya binti yangu! Huyu mtu mtamtetea mpaka lini?

Mwewe wa Georgia

Wakuu nimefika nyumbani sasa hivi, saa nane usiku, suti sijavua, viatu viko miguuni, nimekaa jikoni naandika huku mikono inatetemeka, na mama watoto wa kumlalamikia sina maana ameshalala, tena kalala anacheka.

Mnamjua. Simtaji, nikimtaja nitampa umaarufu, ila kuanzia Clarkston mpaka Lawrenceville hakuna Mswahili asiyemjua, yule wa pikapu nyeusi, yule anayevaa jezi namba 12 mpaka msibani, yule aliyehamia huku Georgia akitokea Boston akaja na mabegi mawili ya nguo na makontena matano ya dharau.

Leo ilikuwa sendofu ya binti yangu wa kwanza. Ukumbi nimelipa mwenyewe, mbuzi watatu, MC nimemtoa North Carolina kwa nauli yangu. Wakwe wametoka Massachusetts, meza nne nzima. Ikafika zamu ya bahasha, MC anasoma, shangazi dola 200, kina mama wa kikundi dola 500, vigelegele, raha mustarehe. Halafu akashika bahasha moja kubwa nyeupe imefungwa utepe kama barua ya ikulu, akaifungua, akasoma kwa ile sauti yake ya redioni: dola ishirini na nane... na senti tatu.

Senti tatu wakuu. Zimebandikwa na selotepu juu ya kadi, zimepangwa mstari, zinang'aa, mtu alikaa kwake akazisugua!

MC wa watu hajui lolote, yeye mpira anaoujua ni wa Simba na Yanga, akadhani kasoma vibaya, akasoma tena taratiiibu, ishirini na nane, tatu. Hapo meza za wakwe zikasimama. Zote nne. Bibi yake bwana harusi kaja kwa mkongojo, anashikwa mkono kwenda msalani, lakini alisimama peke yake akapiga kelele MC rudia! Akarudia mara ya tatu. Binti yangu kajifunika uso na shela anatetemeka mabega, nikadhani analia nikataka kwenda kumbembeleza, kumbe anacheka. Na yule mtu yuko meza ya nane anakunywa soda na mrija, katulia kama maji ya mtungini.

Kwa wageni wa jukwaa niwaambie kwa nini namba hiyo haitajwi mbele yangu. Tarehe 5 Februari 2017, Super Bowl ya 51, yaani fainali ya mpira wa Marekani, Houston, Falcons wetu wa Atlanta na Patriots, timu ya Boston na Massachusetts yote. Mapumziko tunaongoza 21-3, na hapo Alford wetu kashamnyang'anya Brady, mrushaji wao wa jezi namba 12, mpira kakimbia nao yadi 82. Kota ya tatu Coleman akaongeza, 28-3. Ishirini na nane kwa tatu! Katika historia yote ya Super Bowl hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka nyuma kwa zaidi ya pointi 10 ikashinda, na sisi tulikuwa na 25 mkononi. Nikampigia kaka yangu Tabora, huko ilikuwa inakaribia saa kumi na moja alfajiri, nikamwambia amka kaka, tumekuwa mabingwa. Akasema alhamdulillah, akaenda kuswali.

Kilichofuata mnakijua, ila nitasema tena kwa sababu kinaniuma upya. Hightower wao akampiga Matt Ryan, mrushaji wetu, mpira ukadondoka. Sawa, ajali kazini. Julio Jones akadaka ule mpira pembeni kabisa mwa mstari, vidole vya miguu viwili tu ndani, udakaji ambao ningekuwa na hela ningeujengea mnara, tukawa kwenye yadi ya 22 ya wenzetu, dakika nne na ushee zimebaki, tuko mbele kwa 8. Wakuu, mtoto wa darasa la pili anajua hapo unafanya nini. Unakimbia na mpira, unaula muda, unampa Bryant apige teke lake la pointi tatu, zinakuwa 31, jamaa anahitaji kufunga mara mbili, watu tunakula mbuzi. Wao wakarudi nyuma kutaka kurusha! Flowers akamlaza Ryan yadi 12 nyuma, mchezo unaofuata Matthews kashika mtu, faini yadi 10, kutoka mlangoni kwa teke la pointi tatu tukajikuta tunaupiga mpira kuwarudishia wenyewe. Halafu Edelman na ule mpira uliogonga mguu wa mtu wetu, watu watatu wa kwetu wamemzunguka akaudaka sentimita chache kutoka chini, sijui ana sumaku. 28-28. Ikaenda muda wa nyongeza, mara ya kwanza katika Super Bowl, wakashinda sarafu, wakashuka moja kwa moja, White akaingia. 34-28. Ryan ndiye mchezaji bora wa ligi msimu ule, lakini kwenye nyongeza hakugusa mpira hata mara moja! Pointi 31 mfululizo tumefungwa tunaangalia.

Kaka yangu asubuhi katuma pongezi za ubingwa.

Sasa mtu anaijua hiyo historia yote, anajua nililala siku mbili bila kula, anajua sinunui kitu dukani kikigonga dola 28 naongeza bablishi, anakuja kwenye siku ya MWANANGU anaweka senti tatu kwenye selotepu. Na MC anarudia. Na bibi anasimama. Mimi ndiye baba wa bi harusi! Hivi hii ni haki kweli?

Kamanda wa Boksi

Mkuu pole. Swali moja tu, hela umerudisha au umeweka mfukoni?

Kitumbua Moto

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. "MC rudia" 😂😂😂 huyo bibi apewe uraia wa heshima

Mwewe wa Georgia

Kamanda hilo ndilo swali lako? Mtu kadhalilishwa mbele ya wakwe unauliza hela? Hela iko kwenye kapu la binti, siwezi kuigusa, nikiigusa nitaungua.

Pwani Hadi Providence

Mzee wangu shukuru kaleta 28.03. Ile pete ya ubingwa ya Patriots ya msimu ule wameitia almasi 283, na wenye timu walifanya makusudi. Jamaa kakupunguzia sana, angeleta dola 283 ungezirudisha? Halafu Februari 2019 Super Bowl ikachezwa hapo hapo Atlanta, kwenye uwanja wenu, bingwa nani? Patriots, 13-3. Na ile 3 ikaonekana tena 😁

Mwewe wa Georgia

Umetumwa. Huyu katumwa wakuu, andishi lenyewe linanuka pikapu nyeusi. Mwaka ule wa 2019 jamaa alipita mtaani kwangu mara sita anapiga honi, nilihesabu, sita. Lakini honi ni honi. Hii ya leo kasimamisha bibi wa watu.

Mvua za Seattle

Samahani kaka lakini wewe hujaumia. Wewe ulipigwa polepole, ulikuwa na muda wa kuaga. Sisi Seahawks tarehe 1 Februari 2015 pale Glendale, fainali na hao hao Patriots, tulikuwa yadi MOJA kufika mstari wa kufunga. Moja! Sekunde 26, tuko nyuma 28-24, nyuma ya Wilson mrushaji wetu amesimama Marshawn Lynch, mtu ambaye ukimpa mpira anaingia nao yeye na mlango na fremu ya mlango. Wakarusha. Butler wao, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, akauchukua. Mpaka leo mume wangu nikimwambia nipe hicho anakirusha, halafu ananiangalia usoni. Kila siku. Chumvi anarusha, rimoti anarusha, juzi karusha yai.

Kitumbua Moto

Yai 😭😭

Mvua za Seattle

Bichi.

Mukubwa wa Buffalo

Mi niko Buffalo. Munasema mechi moja moja, sisi Bills tuliporomoka mara ine mfululizo kwenye hiyo Super Bowl. Januari 1991 kule Tampa, sekunde nane, teke la yadi 47, Norwood akapiga, likapita kuume, Giants 20 Bills 19. Basi wakarudi mwaka uliofuata wakapigwa, uliofuata tena Dallas wakatufunga 52, ule wa ine Dallas tena. Mi wakati huo nilikuwa mtoto Bukavu, hata barafu sijaiona, lakini nilipofika huku walinipa koti ya baridi na jezi, na huo ugonjwa wote ndani ya mufuko mumoja. Na 2022 ile sekunde 13 na Kansas City sisemi. Acha nisiseme.

Kamanda wa Boksi

Useme tu ndugu, tuko hapa

Mukubwa wa Buffalo

SEKUNDE KUMI NA TATU. Watu walishatoka inje kuwasha moto wa nyama!!

Jezi ya Bluu NJ

Mwewe, dawa yake ninayo. Huyo bwana ana siku yake na ataalika watu, maana mtu mwenye dharau hawezi kukaa bila sherehe. Siku hiyo mpelekee bahasha, dola 18 na senti 1. Akiona hiyo atakaa chini. Patriots walikuja ile fainali ya Februari 2008 wameshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja, bado moja tu waingie peponi, na sisi Giants hakuna aliyetupa nafasi. Eli Manning kashikwa jezi na watu wawili nikasema basi, akachomoka sijui vipi, akarusha juu, Tyree akaruka akaubana mpira kwenye kofia yake ngumu kwa mkono mmoja na Harrison ananing'inia mgongoni kama mtoto. Yadi 32. Baadaye Burress akamaliza, 17-14, wakaondoka na ushindi 18 na kipigo 1. Pamoja na Brady wao na kila kitu chao. Senti moja hiyo uigandishe katikati ya kadi.

Mwewe wa Georgia

Mkuu Mungu akupe maisha marefu. Nimeandika ukutani 18 na 1. Lakini bado haitoshi kwa sababu yeye hana bibi wa kusimama. Ile MC rudia inanirudia kichwani wakuu, nikifumba macho namwona na mkongojo wake.

Tandika Kwa Maguruwe

Jamani tulioko Bongo tueleweshwe, huu si ndio ule mpira wa kushika na mikono halafu unasimama kila sekunde tano watu wanafanya kikao? Sasa mtu mzima unalala njaa siku mbili kwa ajili hiyo? Njoo ufungwe 5-1 na mtani kama Msimbazi tarehe 5 Novemba 2023 halafu kesho yake upande daladala konda anakurudishia chenji anasema "shika tano". Huko ndiko kuumia.

Kitumbua Moto

5-1 imeingiaje humu tena 😂

Tandika Kwa Maguruwe

Haijawahi kutoka dada.

Mvua za Seattle

Kikao ndio raha yenyewe, kila mtu anapanga, ndio maana ukikosea kama sisi kila mtu anaona ni nani kakosea. Yadi moja!!

Mama Ubwabwa

Mimi nilikuwepo kwenye hiyo sendofu, meza ya 14 kule karibu na mlango wa choo. Mzee Mwewe nakuheshimu na binti alipendeza sana, Mungu amtunze. Ila la bahasha unalikuza, wengi huku nyuma hata hatukusikia. Kilichotuuma huku ni pilau. Pilau iliishia meza ya 11. Tukaletewa wali mweupe na kachumbari tukaambiwa nyama inakuja. Nyama haikuja.

Mwewe wa Georgia

Mama nilichinja mbuzi watatu.

Mama Ubwabwa

Wawili waliliwa na meza nne za wakwe, baba. Niliona sinia linapita kwa macho yangu, linapita, linaenda mbele, linarudi tupu.

Kamanda wa Boksi

Hapo sasa tunaongea. Hizi sherehe za huku diaspora meza za nyuma tunaonewa sana. Mwaka jana nilienda moja Charlotte, saa nne za kuendesha kwenda, saa nne kurudi, nikala sambusa moja na nusu, nyingine tuligawana na mzee mmoja ambaye simjui.

Pwani Hadi Providence

Sisi wakwe pilau tulikula, asante, ilikuwa tamu, ila ilikosa bizari kidogo

Kitumbua Moto

Kumbe ULIKUWEPO??? Meza za wakwe??

Mwewe wa Georgia

NILISEMA KATUMWA. Wakuu nilisema! Na wewe ulisimama? Jibu hapa mbele ya watu, ulisimama au hukusimama?

Mama Ubwabwa

Bizari ilikosekana kwa sababu aliyepika ni yule yule aliyepika ubarikio wa mwezi wa tano, na ule nao hamkusema. Hata binzari nyembamba hakuikaanga, aliitupia juu juu.

Tandika Kwa Maguruwe

Pilau inakaangwa vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia, huko mna haraka ya nini

Mukubwa wa Buffalo

Sisi huku Buffalo pilau inapikwa na wamama ya Uvira, na inafika mpaka meza ya mwisho. Timu hatuna, lakini chakula iko.

Mwewe wa Georgia

Hajajibu kama alisimama.

Kamanda wa Boksi

Mukubwa, kutoka Atlanta mpaka Buffalo ni saa ngapi kwa gari?

Mukubwa wa Buffalo

Kama kumi na ine. Kuja na koti.