RAM ya kompyuta itakayoongezwa kasi: 6000 au 6400?

Swali (Kisumu): Wenzangu, ninaunda kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 7 7700X, ambayo nakusudia kuiongezea kasi. Dukani nimeonyeshwa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbili za DDR5, yaani kizazi cha tano, za GB 32: moja ni ya kasi ya 6000 (mara milioni 6000 za kuhamisha data kwa sekunde) yenye CL30, nyingine ni 6400 CL40 yenye bei nafuu kidogo. Nichukue ipi?

Jibu (Nakuru): Chukua ya 6000. CL ni idadi ya mizunguko ambayo RAM hungoja kabla ya kutoa data, kwa hiyo ukipiga hesabu, CL30 kwenye 6000 ni nanosekunde 10, ilhali CL40 kwenye 6400 ni 12.5. Namba kubwa ya kwenye pakiti huuza tu.

Jibu (Kakamega): Naunga mkono, ila hakikisha ni vijiti viwili vya GB 16, kwani vinne huilemea prosesa na mara nyingi hulazimu kasi ishushwe. Kisha washa EXPO (mpangilio wa AMD unaoiwezesha RAM kufikia kasi iliyoandikwa kwenye pakiti) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, la sivyo RAM itabaki kwenye kasi yake ya kawaida, mathalani 4800.

Muulizaji: Asanteni. Na joto la huku kwetu?

Jibu (Nakuru): DDR5 iliyoongezwa kasi huweza kuanza kutoa makosa ikipata joto jingi, kwa hiyo ipime kwa MemTest86, programu ya kutafuta makosa ya RAM, usiku kucha, kisha uipime tena mchana jua likiwa kali.