Mwakilishi wa wafanyakazi katika Baraza la Chuo anawajibika kwa nani?

Mwanamaabara

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kikuu cha umma hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja kwa sababu ninachouliza ni utaratibu, si mtu. Baraza la Chuo chetu lina kiti kimoja cha mwakilishi wa wafanyakazi, anayechaguliwa kwa kura ya siri. Uchaguzi uliopita ulifanyika kantini. Sanduku la kura lilikuwa katoni ya karatasi za kuchapia, iliyozungushiwa gundi ya plastiki na kutobolewa juu kwa kisu cha jikoni. Aliyeshinda ni mhadhiri mmoja ambaye sisi waendeshaji wengi, yaani wafanyakazi tusio wahadhiri, tulimpa kura baada ya kuahidi kwamba atalisemea suala la mafundi sanifu wanaokaa muda mrefu bila kupandishwa vyeo.

Tangu achaguliwe hatujaitwa hata mara moja kuelezwa kilichojadiliwa. Nilipomuuliza, kwa heshima zote, alinijibu kwamba mambo ya Baraza ni siri, na kwamba akishaingia mle ndani yeye ni mjumbe wa Baraza na si mjumbe wetu. Sasa muda wake unakaribia kwisha na wenzangu wananitaka nichukue fomu. Kabla sijakubali, ningependa kujua kama jibu lile lilikuwa la haki au lilikuwa la kuniondoa mlangoni. Ningependa pia kujua uchaguzi wa namna hii upangwe vipi mahali ambapo wahadhiri wanajulikana na kila mtu, ilhali sisi waendeshaji tumetawanyika kwenye maabara, maktaba, mabweni, karakana na zahanati, na wengine hatufahamiani hata kwa sura.

Babu wa Changanyikeni

Binti yangu, nimestaafu kutoka masijala, na katika miaka yangu yote ya kupeleka mafaili nimeona malalamiko mengi ya haki yakipotea kwa sababu yamepelekwa kwenye kikao kisichokuwa chake. Mfanyakazi wa chuo cha umma ana milango mitatu, na kila mmoja una mtu wake wa kuchaguliwa. Upo mlango wa chama cha wafanyakazi, kiwe THTU, RAAWU au kingine kinachotambulika mahali penu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu wanachama wachague wawakilishi wao mahali pa kazi, mmoja panapokuwa na wanachama 1 hadi 9, watatu wanapokuwa 10 hadi 20, kumi wanapokuwa 21 hadi 100, na 15 wanapozidi 100. Hao ndio wanaokusindikiza ukiwa na shauri la nidhamu au lalamiko binafsi.

Upo mlango wa Baraza la Wafanyakazi, ambalo huundwa kwa mkataba kati ya mwajiri na chama kinachotambuliwa. Mwenyekiti wake ni mkuu wa taasisi mwenyewe, lakini Katibu na Katibu Msaidizi huchaguliwa na wajumbe. Hapo ndipo bajeti, mazingira ya kazi na mambo ya vyeo kwa ujumla wake yanapojadiliwa, na ahadi aliyowapa yule mhadhiri ilipaswa kuanzia hapo. Baraza la Chuo ni mlango wa tatu. Hilo ndilo lenye mamlaka ya juu katika uendeshaji wa chuo, na wajumbe wake wanatajwa na Hati Idhini, yaani hati rasmi inayoongoza muundo wa chuo, iliyotolewa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya mwaka 2005. Omba nakala ya Hati Idhini ya chuo chenu uisome mwenyewe. Si waraka wa siri, ingawa nimewaona maofisa wanaoikumbatia kana kwamba ni hati ya shamba la baba yao.

Nikiruhusiwa kuchepuka kidogo: jambo hili la mfanyakazi kukaa meza moja na mkuu wake hatukuliiga jana. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ndio ulioagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, kwa ibara yake ya 15, ukamkataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwadharau anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani waliishika ibara ile na kuitumia kweli kweli. Hata pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Julai 1971, mgogoro wa rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, ulihusu swali hilo hilo la nani anasikilizwa katika uendeshaji wa chuo.

Sinza Kumekucha

Babu, shikamoo, na ahsante kwa kuiweka mezani milango yote mitatu. Mimi ni mwanasheria wa masuala ya kazi na nitajibu lile la kwanza tu.

Yule mhadhiri alisema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba mjumbe wa chombo kikuu cha chuo, hata akichaguliwa na kundi fulani, akishakaa kitini anawajibika kuamua kwa manufaa ya taasisi nzima. Afrika Kusini wameliandika hilo waziwazi: Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1997 inataka wanataaluma wachague wajumbe wao, wafanyakazi wengine wachague wao, na wanafunzi wapate wao kupitia baraza lao, kisha inataka angalau asilimia 60 ya wajumbe wawe watu ambao si waajiriwa wala wanafunzi wa chuo hicho, na inamwagiza kila mjumbe ashiriki kwa kuangalia manufaa ya taasisi. Kwa hiyo mwakilishi si tarishi anayetumwa na barua iliyofungwa. Akifika kikaoni akakuta hesabu zinaonyesha kwamba nyongeza mliyoiomba italazimu kufunga zahanati, ana haki ya kupiga kura tofauti na mlivyotaka.

Nusu aliyoiacha ni hii: wajibu wa kuamua kwa ajili ya chuo haumfuti wajibu wa kusikiliza na kueleza. Siri hukaa kwenye hoja mahususi, haikai juu ya chombo chote. Shauri la nidhamu la mtu, mjadala wa nani ateuliwe, zabuni ambayo haijafungwa, ushauri wa kisheria juu ya kesi inayoendelea, na maneno aliyoyasema mjumbe fulani kwa jina lake, hayo yote yanafungwa. Lakini kwamba bajeti imepitishwa, kwamba kanuni za utumishi zinafanyiwa marekebisho na maoni yanapokelewa hadi tarehe fulani, au kwamba hoja ya vyeo vya mafundi sanifu iliwasilishwa na ikarudishwa kwenye kamati, hayo mpiga kura wake anastahili kuyasikia mara muhtasari unapothibitishwa. Anayesema kila kitu ni siri huwa hajasoma kanuni za kudumu za Baraza lake, au amezisoma akaona zitamwongezea kazi.

Niongeze kwamba kiti chenyewe si cha kudumu kama tunavyodhani. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, walifanya mabaraza ya vyuo vya umma kuwa na wajumbe tisa, na hakuna hata mmoja wao anayechaguliwa na wafanyakazi. Hoja ilikuwa kupata chombo kidogo chenye weledi. Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2001, wana wajumbe wanaochaguliwa na wahadhiri na wengine na waendeshaji. Mwakilishi asiyetoa taarifa anawapa silaha wale wanaodai kwamba kiti hicho kifutwe kwa kuwa hakina faida.

Mlei

Nimewahi kukikalia kiti cha aina hiyo, si katika chuo cha muuliza swali, na ningeomba tusimhukumu mtu kabla ya kuona kiti kinavyokaliwa. Makabrasha ya kikao nililetewa na dereva jioni, kikao kikiwa kesho yake saa tatu asubuhi: bahasha ya kaki yenye muhuri wa SIRI, ndani yake kurasa mia na ushee, taarifa ya fedha ikiwa imechapwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba nililazimika kuiweka chini ya taa ya meza. Kukusanya maoni ya wafanyakazi kati ya jioni hiyo na asubuhi ile haiwezekani, hata kama mtu ana nia njema kiasi gani.

Ukiingia ukumbini unamkuta mtu anayesaini barua yako ya kupandishwa cheo ameketi upande wa pili wa meza. Hakuna anayekutisha, na pengine hakuna anayekusudia, lakini kila unapowasha kipaza sauti unakumbuka kwamba kamati ya ajira itakaa mwezi ujao na jina lako limo. Wengi hunyamaza hapo, kisha huita kimya chao siri ya Baraza.

Nakubaliana na Mwanasheria juu ya taarifa, ila niwaambie na upande wa wapiga kura. Nilipoitisha kikao cha kwanza cha mrejesho walikuja wachache, na karibu kila aliyesimama aliuliza juu ya malimbikizo yake binafsi ya mshahara au nauli yake ya likizo. Hayo ni madai halali, lakini ni ya mlango wa kwanza wa Babu. Mwakilishi akipelekewa madai ya mtu mmoja mmoja, siku ya mjadala wa mpango mkakati wa chuo atakuwa hana la kusema kwa niaba ya yeyote. Nilichokuja kukiona kinasaidia ni ukurasa mmoja ulioandikwa, unaobandikwa kwenye mbao za matangazo baada ya muhtasari kuthibitishwa, wenye hoja zilizopita, zilizoahirishwa na zinazosubiri maoni. Ukurasa huo nilimwonyesha kwanza Katibu wa Baraza, naye alifuta mstari mmoja tu.

Mwanamaabara

Nawashukuru sana, na Babu shikamoo. Nimeelewa kwamba hoja ya vyeo tulipaswa kuipitisha Baraza la Wafanyakazi, ikafika kwa mwakilishi ikiwa na miguu yake. Linalonisumbua sasa ni uchaguzi wenyewe. Daftari la wapiga kura linaandaliwa na ofisi ya utumishi, msimamizi anateuliwa na ofisi hiyo hiyo, na safari iliyopita wenzetu wa kampasi ya pili walipata tangazo baada ya fomu kufungwa. Watumishi wa mikataba hawakujua kama wamo au hawamo.

Bi Kigogo

Dada yangu, mimi nimesimamia chaguzi za tawi la chama cha wafanyakazi mara kadhaa, na ninakwambia siku ya kura ndiyo rahisi kuliko zote. Uchaguzi huharibikia kwenye daftari. Ofisi ya utumishi kuandaa orodha si kosa, kwa maana wao ndio wenye kumbukumbu za waajiriwa. Kosa ni orodha hiyo kubaki kwenye droo hadi asubuhi ya kura. Dai ibandikwe kila kampasi na kila idara mapema, kiwekwe kipindi cha pingamizi, na itamkwe kabla ya fomu kutoka kama watumishi wa mikataba na walio masomoni wanapiga kura. Jambo likiamuliwa wagombea wakiwa hawajajulikana, hakuna anayeweza kusema limeamuliwa kwa ajili ya fulani.

Msimamizi asiwe mtu anayemwandikia mgombea tathmini ya utendaji kazi. Iundwe kamati ndogo yenye mtu wa utawala, mtu wa chama na mtu ambaye pande zote mbili zinamkubali, na kila mgombea awe na wakala wakati wa kuhesabu. Sanduku la katoni si tatizo kubwa ikiwa lilifunguliwa likaonyeshwa tupu mbele ya watu kabla ya kura ya kwanza na likafungwa kwa saini. Nimewahi kuona sanduku zuri la chuma lenye kufuli mbili likizua ugomvi hadi usiku, kwa sababu hakuna aliyelishuhudia likifungwa.

Kuhusu wahadhiri kuwameza waendeshaji, hapo ndipo ningeweka nguvu zangu zote kama ningekuwa wewe. Wanataaluma tayari wana Seneti, ambamo mambo ya mitaala, mitihani na utafiti huamuliwa na wao kwa sehemu kubwa, na ndivyo inavyostahili. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliwahi kuamua, mwaka 1973, kwamba katika maamuzi ya utafiti na ajira za wanataaluma lazima maprofesa wawe na sauti ya mwisho. Lakini Baraza la Chuo huamua fedha, majengo na utumishi, na mambo hayo yanamgusa mpishi wa bweni sawa na profesa. Njia bora ni ile ya Afrika Kusini, kila kundi na mjumbe wake. Hiyo itahitaji Hati Idhini irekebishwe, na haitatokea kabla ya uchaguzi wenu. Kwa sasa mnaweza kupendekeza kanuni za uchaguzi ziweke zamu, awamu hii mwanataaluma na awamu ijayo mwendeshaji, au mshindi apate zaidi ya nusu ya kura na ikishindikana wawili wa juu wapigiwe kura tena. Mimi napenda zamu, ingawa najua wahadhiri watasema inawanyima haki ya kugombea.

Sinza Kumekucha

Hoja hiyo ya wahadhiri haitakuwa ya kipuuzi, Bi Kigogo. Hati Idhini ikisema mfanyakazi yeyote anaweza kugombea, kanuni za chini yake haziwezi kumfungia nje. Kurudia kura ni salama zaidi kisheria. Zamu inaweza kubaki makubaliano ya waungwana kati ya jumuiya ya wanataaluma na tawi la chama, yakaandikwa na kusainiwa, bila kuwa sharti la kugombea.

Mwanamaabara

Nimewaelewa. Nitaanza kwa barua ya kuomba daftari libandikwe, nikiituma kupitia kwa mkuu wangu wa idara na nakala kwa tawi. Swali la mwisho: mimi ni katibu wa kamati ya wanawake ya tawi letu. Je, nikigombea nijiuzulu kwanza?

Babu wa Changanyikeni

Marahaba, binti yangu. Angalia katiba ya chama chako na kanuni za uchaguzi wa kiti hicho. Zisipokataza, chukua fomu ukiwa na cheo chako. Ukishinda, kiache cha tawi kwa barua, kwa sababu ipo siku tawi litakuwa na mgogoro na chuo na Baraza litaketi kuujadili, na utatakiwa utoke nje ya ukumbi wakati wenzako wanaamua. Mafundi sanifu watakuwa wamepata kiti, na siku wanayokihitaji kitakuwa kitupu.