"Borrow" na "lend": kwa nini Wachina huvichanganya?

Swali, kutoka Mkoani, Pemba:
Assalamu alaykum. Ninawasomesha Kiingereza Wachina wawili wanaofanya kazi hapa kisiwani, na kila siku mmoja wao huniambia "borrow me your pen" ilhali anataka nimpe kalamu yangu kwa muda. Nimemsahihisha hadi nimechoka. Je, tatizo liko wapi?

Jibu, kutoka Unguja Mjini:
Waalaykumu salaam, mwalimu. Tatizo liko katika kitenzi chao "jiè", ambacho hubeba pande zote mbili, ya anayetoa na ya anayepokea, na maana hutambulika kwa maneno yanayokizunguka: "jiè gěi" huonyesha kwamba kitu kinakwenda kwa mwingine, lakini "gēn" ikitangulia jina la mwenye kitu, basi ni kuchukua kwake. Wala tusiwacheke, kwani sisi wenyewe husema "nimeazima baiskeli kwa Makame", kisha tukamwambia jirani "niazime baiskeli yako".

Jibu, kutoka Wete:
Naongeza kwamba katika fedha Kiswahili hutenganisha: kuna kukopa, yaani "borrow", na kuna kukopesha, yaani "lend". Anzia hapo. Kisha mwonyeshe kwamba "borrow" hutaja kitu kwanza, na mwenyewe hufuata baada ya "from", ilhali "lend" huweza kumtaja mpewaji moja kwa moja, kama katika "lend me your pen".

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Kesho nitaanza na fedha, maana huyo mmoja bado namdai nauli ya gari ya Chake.