Farasi wangu anaisha mgongo, nimpe mashudu gani?

Kwato Nne (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nina farasi mmoja, dume aliyehasiwa, miaka kumi na mbili kwenda kumi na tatu. Miezi saba iliyopita nilimchukua akiwa amejaa vizuri. Leo ukisimama nyuma yake, uti wa mgongo umechongoka kama paa la nyumba, pembeni kumebonyea. Tumbo lakini limejaa! Kwato za mbele nazo zinameguka pembezoni, fundi wa kwato akigongomea msumari haupati pa kushika.

Kazi yake nyepesi, anapandwa saa moja hivi, siku nne kwa wiki.

Anakula hei anavyotaka (majani yalikatwa yameshakomaa, mabua ndiyo mengi), pumba za mahindi kilo moja, na kwa wiki tatu sasa nimemwongezea kilo moja ya chakula cha mifugo cha gunia, kwa sababu kimeandikwa protini asilimia 18. Mmoja ananiambia niachane na hilo gunia nimpe alizeti, mwingine soya, wa tatu anasema protini itampandisha kichaa. Unga wa samaki nilijaribu. Alinusa, akageuza kichwa, akaipiga ndoo teke.

Kwa hiyo nataka protini ya mimea. Ipi inamfaa farasi, na kiasi gani? Nawasilisha.

Alizeti Tupu

Mashudu ya alizeti mkuu, usihangaike. Ng'ombe wangu wanakula, mbuzi wanakula, maziwa mpaka yanamwagika. Kilo mbili kwa siku, mwezi ukiisha utaleta mrejesho mwenyewe.

Popo wa Mchana

Sina farasi ila naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye mada.

Binti Hatamu

Kaka Alizeti, farasi si ng'ombe, na hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Ng'ombe ana lile tumbo kubwa la mbele lenye vijidudu. Ukimpa protini hafifu, hata urea, vijidudu vinaigeuza kuwa miili yao, kisha miili hiyo inashuka kwenye utumbo mdogo na kusagwa. Ng'ombe anakula protini iliyopikwa upya na vijidudu vyake. Farasi mpangilio wake umegeuzwa. Utumbo mdogo unatangulia, vijidudu viko nyuma kwenye utumbo mpana, na sehemu kubwa ya protini vinayotengeneza inatoka na mavi. Kwa hiyo kinachoingia mdomoni lazima kiwe kizuri chenyewe, kwa sababu hakuna wa kumsahihishia.

Na uzuri hausomwi kwenye asilimia ya gunia. Misuli inajengwa kwa asidi amino, yaani vile vipande vinavyounda protini, na kwa farasi kipande kinachopungua kwanza karibu siku zote ni laisini. Ni kama fundi anayeshona mikanda. Ngozi inatosha mikanda kumi, lakini bizimu ziko nne. Atatoa mikanda minne na ngozi iliyobaki itakwenda na maji. Kwa farasi inakwenda na mkojo, kwa maana halisi.

Mashudu ya soya yana protini asilimia 44 hadi 48, na kila kilo ina laisini gramu 28 hadi 30. Ya kanola yanafuata, gramu 20 hivi. Alizeti inaweza kuwa na protini asilimia 30 na kitu, lakini laisini kama gramu 11 tu kwa kilo. Mashudu ya nazi ndiyo kabisa, gramu 5 au 6.

Kabla ya kukupigia hesabu naomba mambo mawili. Pima mzingo wa kifua, kamba ipite nyuma ya mguu wa mbele, kisha urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya tako. La pili, na hili ndilo limeninyima raha: hicho chakula cha gunia ni cha mnyama gani? Soma lebo yote, hadi maandishi madogo.

Kwato Nne

Asante dada. Kifua sentimita 170, urefu 152.

Gunia ni la kuku wa nyama. Lebo inasema mahindi, mashudu ya soya, chokaa, chumvi, premiksi, na chini kabisa kwa herufi ndogo "monensini". Hiyo ni vitamini?

Mzee wa Zizi

ONDOA HILO GUNIA. Kama ndoo iko mbele yake hivi sasa, weka simu chini ukaitoe, kisha urudi usome.

Umerudi? Monensini ni dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, kwa kuku, na ng'ombe nao hupewa. Kwa farasi ni sumu ya moyo. Kuku hustahimili hadi karibu miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake ndipo kipimo kiue nusu yao. Kwa farasi kipimo hicho ni miligramu 2 hadi 3 tu. Inaua misuli, na msuli wa kwanza kuumia ni moyo. Dawa ya kuiondoa mwilini hakuna.

Sasa tulia. Chakula cha kuku kwa kawaida huwekwa kama miligramu 100 kwa kilo. Kwa vipimo vyako huyo farasi ana kilo 370 hivi, kwa hiyo kilo moja kwa siku inampa kama miligramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili wake. Uko chini ya mstari wa kifo, na ndiyo maana bado yupo. Lakini hiyo ni kama dawa ilichanganywa sawasawa. Ikirundikana kona moja ya gunia, siku moja utamchotea fungu zima.

Asipandwe, asikimbizwe, hata kwa kamba. Mwite daktari wa mifugo, umtajie jina la dawa na idadi ya siku, asikilize moyo na achukue damu. Farasi anaweza kuonekana mzima wiki kadhaa, halafu siku anayopandishwa mlima moyo ukagoma. Ukiona anakataa chakula, anatoka jasho amesimama, miguu ya nyuma inalegea au mkojo umekuwa wa kahawia, usingoje asubuhi.

Nasema kwa uchungu. Mimi nilizika wawili, na chakula chao kilikuwa cha farasi kabisa, lebo safi. Mashine ya kuchanganyia ilikuwa imetoka kusaga cha kuku, haikusafishwa. Tangu hapo nachanganya mwenyewe.

Kwato Nne

Nimetetemeka mzee wangu. Ndoo nimeitoa, gunia nimelifungia stoo. Leo asubuhi alikula kama kawaida. Daktari anakuja kesho mapema.

Popo wa Mchana

Nilikuja kucheka, sasa nami moyo unadunda.

Binti Hatamu

Mzee kasema yote kuhusu sumu. Hesabu naiweka hapa, uitumie daktari akisharuhusu.

Uzito: kifua mara kifua mara urefu, gawanya kwa 11,880. Yako inatoa 370. Farasi mzima wa kazi nyepesi anahitaji protini ghafi (yaani protini yote kwa jumla, nzuri na hafifu) kama gramu 1.4 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo gramu 520 kwa siku, ndani yake laisini gramu 22.

Hei ya mabua naikadiria protini asilimia 6. Akila kilo 7 anapata gramu 420. Pumba kilo moja ni kama gramu 100. Jumla 520. Umeona? Kwenye protini ghafi umetimiza! Njoo kwenye laisini sasa: hei inatoa gramu 15 hivi, pumba 4. Jumla 19, na ya kwenye mabua makavu sehemu yake imeshikwa na nyuzinyuzi, haivunwi yote kwenye utumbo mdogo. Ngozi ipo, bizimu hazipo. (Peleka konzi ya hei maabara ukiweza. Hei ndiyo chakula chenyewe, mengine yote ni kitoweo.)

Gramu 300 za mashudu ya soya zinaongeza laisini zaidi ya gramu 8. Ukitaka kiasi hicho kwenye alizeti, utahitaji zaidi ya gramu 700. Njia ya pili, na kwa farasi huyu ndiyo ningeanza nayo kama inapatikana, ni lusini iliyokaushwa, wengine huiita alfalfa. Kilo moja na nusu inatoa protini gramu 250 na laisini kama 12, na ina kalsiamu nyingi. Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Farasi anayekula pumba miaka na miaka bila kalsiamu huivuta toka kwenye mifupa yake, mpaka ya uso inavimba.

Soya iwe imepikwa. Soya mbichi ina vizuizi vinavyomzuia mnyama kusaga protini ile ile uliyomnunulia. Chukua konzi, ipashe joto viganjani, uinuse: iliyokaangwa vizuri ina rangi ya dhahabu iliyokolea na harufu ya njugu. Ikinuka maharage mabichi, irudishe. Ikiwa nyeusi imeungua, na laisini ndiyo inayoharibika kwanza kwa moto mkali.

Anza na konzi, panda taratibu kwa siku kumi hadi kumi na nne.

Alizeti Tupu

Kwa hiyo mashudu yangu ni takataka? Haya.

Binti Hatamu

Hapana bwana, usinune. Alizeti ina methionini, asidi amino nyingine, nyingi kuliko soya kwa kila gramu ya protini, na ukwato unaihitaji. Soya gramu 300 na alizeti gramu 200 ni ndoa nzuri. Nilichokataa ni kilo mbili peke yake, tena kwa hesabu ya ng'ombe.

Kuhusu kwato, Kwato Nne, usitegemee muujiza. Ukwato unaota toka juu kushuka, milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kinachomeguka leo kiliota mwaka jana.

Mchungaji Mstaafu

Naona hakuna aliyetaja miti ya malisho, na kuna atakayefika hapa akitafuta protini ya bure. Mimi nilikuwa huyo. Mbuzi wangu walinawiri kwa lukina, nikasema na farasi jike apate. Alipenda sana. Wiki kadhaa baadaye nampitishia brashi mkiani, singa zikaja zote na brashi, fungu zima, bila yeye hata kushtuka. Shingoni vivyo hivyo. Mkia ulibaki kama kamba ya ndoo.

Ni mimosini, sumu iliyomo kwenye majani na mbegu za lukina. Wanyama wanaocheua wanaweza kuwa na vijidudu vya kuivunja tumboni, farasi hana ulinzi huo. Nilipoacha, singa ziliota tena, ila watu walinicheka msimu mzima.

Karanga nazo: mashudu yake yana protini nyingi, laisini haba, na yakihifadhiwa na unyevu yanaota sumukuvu. Mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli, tena gosipoli hiyo hiyo inaishika laisini. Maharage mabichi hata usijaribu. Njegere zinafaa lakini karibu nusu yake ni wanga, usimjazie.

Popo wa Mchana

Wakuu, na lile la protini kumpandisha farasi kichaa?

Mzee wa Zizi

Kichaa mara nyingi ni wanga: mahindi na nafaka nyingi kwa mkupuo, kazi kidogo. Protini ikizidi mwili unaitoa kama urea, anakunywa maji mengi na kukojoa mno. Ukitaka kujua, ingia bandani alfajiri kabla hujafungua dirisha, uchuchumae hadi pua yako ifike pale anapolaza pua yake. Macho yakiwasha, ni amonia hiyo. Punguza.

Mleta uzi, daktari akija muombe akague na meno. Mgongo kuisha si lazima iwe ndoo. Minyoo, meno, tandiko linalobana, maumivu: soya hata kilo ngapi haitibu hayo.

Kwato Nne

Mrejesho wakuu, samahani nimekawia, ni wiki ya tano sasa.

Moyo: daktari alisikiliza, akachukua damu, akarudi na mashine ya kupima mapigo. Hakuona kasoro. Hata hivyo aliagiza mwezi mzima bila kazi, kisha akapima tena. Juzi ameniruhusu kumtembeza kwa kamba, dakika ishirini, kwenye tambarare.

Meno: mzee, ulijuaje? Gego la juu lilikuwa na ncha kali kama ndoana, shavu limechanika kwa ndani. Yale mabonge ya hei yaliyotafunwa nusu niliyokuwa nikiyafagia chini ya hori, mimi nilidhani anadeka. Yamepigwa tupa.

Chakula: lusini kilo moja, soya gramu 200, alizeti konzi moja (kwa heshima ya Alizeti Tupu). Pumba nimepunguza hadi nusu kilo. Mgongo bado, ila pale nyuma ya mabega nikibonyeza kuna kitu kinarudisha mkono. Mwanzoni palikuwa mfupa na ngozi.

Swali la mwisho. Lile gunia bado liko stoo. Jirani anafuga kuku wa nyama, analiomba. Nimpe?

Mzee wa Zizi

Mpe, ni chakula chao. Ila mwambie iwe kuku tu, kanga na bata mzinga wakubwa wasiguse. Na ile ndoo uliyokuwa unachotea, mpe nayo.